Video Kubwa ni Mzigo: Tuzipelekeje kwa Ndugu na Marafiki?

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Lokitaung. Tumeyaandika hapa ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo vipate kusoma na kujadiliana.)

 

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Tulipozunguka kutembelea vikundi, swali moja lilirudi kila mahali: "Tumepiga video, ni kubwa, inakataa kwenda. Tufanye nini?" Akina mama wamepiga video ya kazi yao ya kusuka vikapu na wanataka wenzao wa Lodwar waione. Vijana wamepiga ngoma ya edonga. Familia imepiga mazishi ya baba yao, na ndugu mmoja yuko Mombasa kazini, hakuweza kufika. Na jirani zetu wa Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, wengi wao wana ndugu waliohamia Marekani, Kanada na Australia. Nao wanataka kuonana hata kama ni kwa picha tu.

Basi jambo hili si mchezo wa vijana peke yao. Ni jambo la ukoo, ni jambo la kikundi, na tena ni jambo la pesa. Tumeona pesa za akiba zikinunua data, data ikaisha, na video haijafika.

Neno letu la leo ni fupi: video kubwa ni mzigo. Mzigo hupimwa kwanza, ndipo mtu achague njia ya kuubeba. Hakuna mtu anayempakia punda gunia bila kulinyanyua kidogo aone uzito wake. Si ndiyo?

1. Tupime uzito kwanza

Uzito wa video huhesabiwa kwa MB na GB. GB moja ni kama MB 1,000. Katika simu nyingi za siku hizi, dakika moja ya video iliyo safi, ile ambayo kamera huiandika 1080p, ina MB zipatazo 130. Ukishusha kamera hadi 720p, dakika hiyohiyo huwa kama MB 60.

Sasa piga hesabu. Sherehe ya saa moja kwa 1080p ni karibu GB 8. Kwa 720p ni kama GB 3 na nusu. Kwenye kioo kidogo cha simu, macho ya wengi wetu hayataona tofauti kubwa. Lakini mfuko utaiona.

Ili kujua uzito wa video uliyo nayo, ifungue kwenye simu, gusa zile nukta tatu za pembeni, kisha tafuta mahali penye maelezo ya faili. Utaona namba na herufi MB au GB. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Hapo ndipo mazungumzo ya njia yanapoanza.

Na mtandao je? Tuseme mahali ulipo unapitisha megabiti 1 kwa kila sekunde. Kwa kasi hiyo, video ya GB 1 inachukua zaidi ya saa mbili kutoka, na hapo ni kama mtandao haukukatika hata mara moja. Nyinyi wenyewe mnaujua mtandao wetu. Ukikatika katikati, mara nyingi kazi inaanza upya, na data iliyokwenda haiwezi kurudishwa.

2. Aliye karibu: simu kwa simu, bila data

Mtu akiwa hapa mbele yako, usitume kitu kwa intaneti. Tunasema hivi kwa nguvu kwa sababu tunaliona kila siku: watu wawili wamekaa chini ya mti mmoja, na video inatoka kwa huyu, inazunguka dunia, inarudi kwa yule, na wote wawili wamelipa.

Njia ya zamani ni Bluetooth. Hata simu ndogo nyingi zinayo. Haina gharama, lakini ni ya polepole. Video ya MB 100 huchukua dakika saba hivi au zaidi, na ile ya GB 1 itakumaliza saa nzima na ziada. Inafaa kwa wimbo, picha na video fupi.

Njia ya haraka ni Quick Share, ambayo imo katika simu za Android. Hadi mwaka 2024 katika simu nyingi iliitwa Nearby Share. Simu zikiwa karibu karibu, zinafungua njia yao ya Wi-Fi baina yao wenyewe. Data yako haiguswi, na video ya GB 1 inaweza kupita kwa dakika chache. Wenye iPhone wana AirDrop, inafanya kazi ya namna hiyo. Ziko pia programu kama Xender, lakini uwe mwangalifu zinapokuja na matangazo mengi. Usiguse usichokijua.

Angalieni hesabu hii. Kikundi cha watu 40 kina video ya MB 200. Ikitumwa katika kundi la WhatsApp na kila mmoja akaifungua kwa data yake, kikundi kimetumia karibu GB 8 kwa jumla. Lakini siku ya mkutano, mtu mmoja akiwapa wawili, wale wawili wakawapa wengine wawili wawili, kabla ya chai kuiva kila mwenye simu ameipata, na hakuna aliyelipa hata shilingi.

Tena msisahau njia iliyo rahisi kuliko zote: kutazama pamoja. Pale Kakuma, katika miaka ya 2000, shirika la FilmAid lilikuwa likionyesha filamu kwa skrini kubwa nje usiku, na watu wakakusanyika. Si lazima kila mtu awe na nakala. Shule au kituo chenye projekta na umeme wa sola kinaweza kuombwa jioni moja. Mzee asiye na simu naye ataona, na mazungumzo yatakayofuata yana faida kuliko video yenyewe.

3. Aliye safari ya gari: kadi na flashi

Akiwa Lodwar, Kakuma, Lowarengak au hata Nairobi, na video ni nzito, tusidharau njia ya mkono. Kadi ya memori ni ndogo kuliko ukucha, lakini hubeba GB 32 au 64. Gari likifika jioni, zimefika zote kwa pamoja, zikiwa safi kama zilivyopigwa.

Njia hii hapa Lokitaung si ngeni. Katika miaka ya 1950 Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa hapa, kwa sababu serikali ya kikoloni iliona ni mahali ambapo neno haliwezi kutoka. Hata hivyo mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilitoka, ikafika hadi London, ikachapishwa katika gazeti la The Observer. Ilipita mikononi mwa watu.

Na wataalamu wakubwa wa dunia bado wanafanya hivyo. Mwaka 2017 wanasayansi walitumia darubini za nchi mbalimbali ili kupata picha ya shimo jeusi lililo mbali sana angani. Data zilikuwa nyingi mno kwa intaneti, basi wakazitia kwenye diski na kuzisafirisha kwa ndege. Diski za kutoka Ncha ya Kusini zilingoja miezi mpaka majira ya baridi kali yaishe na ndege ziweze kuruka. Picha ilitolewa mwaka 2019. Kwa hiyo laga zikijaa maji na gari la Lodwar likilala njiani na kadi yako, usione haya. Uko pamoja na wakubwa.

Lakini njia ya mkono ina sheria zake.

Kwanza, nakili, usihamishe. Simu itakuuliza kama unataka kunakili au kuhamisha. Ukihamisha, simuni haibaki kitu. Kuna familia moja katika eneo letu iliyompiga video bibi yao akihesabu ukoo wao, jina kwa jina, na mahali ambapo kila mmoja alizikwa. Ilikuwa nusu saa nzima. Kijana akaihamishia kwenye kadi apate nafasi simuni, akamkabidhi dereva. Kadi haikufika. Dereva hakuwa mwizi, ni kitu kidogo tu kilichoanguka kutoka mfukoni. Bibi alifariki kabla ya kupigwa tena, na katika ukoo ule hakuna mwingine anayeyajua majina yale yote. Kadi mpya ingeliweza kununuliwa, majina yale hayawezi. Kwa hiyo, wapendwa, nakala ya pekee haisafiri. Akiba haiozi.

Pili, jaribu kabla ya kufuta. Fungua video kwenye kadi, tazama mwanzo, tazama katikati, tazama mwisho. Kuona jina la faili hakutoshi. Na usiifute ya kwanza mpaka aliyetumiwa apige simu na kusema, "Nimeifungua, inacheza mpaka mwisho."

Tatu, jua kipimo cha kadi. Kadi na flashi nyingi za GB 32 kushuka chini zimetengenezwa kwa mpango uitwao FAT32, nao haupokei faili moja iliyofika GB 4, hata kama kadi ni tupu. Wengi wamefikiri kadi imeharibika, kumbe sivyo. Dawa yake ni kupiga sherehe vipande vipande, dakika 20 kisha unasimamisha na kuanza kipande kingine. Kipande kikiharibika, vingine vinabaki.

Nne, fungasha vizuri. Kadi isiende mfukoni pamoja na sarafu na tumbako. Itie kwenye bahasha ndogo, uigundishe kwenye karatasi ngumu, andika jina la mpokeaji na namba ya simu. Mchanga na jasho ni maadui zake.

Kama simu ya mpokeaji haina mahali pa kadi, iko waya fupi ya kuunganisha flashi kwenye tundu la chaji. Mafundi wanaiita OTG. Kikundi kikinunua moja, inatosha kwa wote.

4. Aliye mbali sana: intaneti, lakini kwa akili

Ndugu aliye Mombasa au ng'ambo hawezi kungoja gari la Lodwar. Hapa tunahitaji mtandao. Ila tutumie mara moja tu, na mahali penye nguvu.

WhatsApp wengi mnayo. Ukituma video kwa njia ya kawaida, inaipunguza ili iwe nyepesi, ndiyo maana nyuso zinakuja na ukungu. Kwa salamu hiyo inatosha. Ukitaka ifike kamili, itume kama dokumenti. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeruhusu faili ya hadi GB 2 kwa njia hiyo. Telegram nayo inapokea hadi GB 2.

Kwa mizigo mikubwa au wapokeaji wengi, njia nzuri ni kuiweka video mahali pamoja na kutuma kiungo, yaani ile anwani ndefu ambayo mtu anaigusa na video inafunguka. Google Drive inampa kila mwenye akaunti GB 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha zake zinahesabiwa humohumo. Unapakia mara moja, kisha ndugu kumi wanapata kiungo kimoja. Wewe umelipa safari moja, si kumi. YouTube pia ina njia ya kuweka video isiyoonekana kwa umma, anayeiona ni mwenye kiungo tu. Faida yake ni kwamba YouTube yenyewe inashusha uzito kulingana na mtandao wa anayetazama. Lakini akaunti ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu haipokei video inayozidi dakika 15.

Sasa unganisheni njia mbili hizi. Kadi isafiri kwa mkono hadi Lodwar, na kutoka Lodwar video iende kwa hewa. Mtu wa kikundi anayekwenda Lodwar kwa shughuli nyingine apewe kadi na orodha iliyoandikwa: video gani, kwa nani, kwa barua pepe ipi. Akifanya kazi hiyo kwenye saiba, kabla ya kuondoka afunge akaunti yake na afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya watu. Na flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya wengi huweza kubeba virusi, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu za kikundi isiwe ndiyo hiyo ya kuzungukia mjini.

Mfikirie pia anayepokea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe unaona ni video tu, kumbe mwenzako ananunua data ya siku kwa pesa za unga. Muulize kwanza, "Ni MB 300, nitume sasa au ungoje Wi-Fi?" Na kila mmoja wetu aangalie mipangilio ya WhatsApp yake, ahakikishe kwamba video hazijishushi zenyewe kwa data ya simu.

5. Punguza mzigo kabla ya kuondoka

Mara nyingi njia bora ni kupunguza. Kata mwanzo na mwisho usio na kazi, pale ambapo kamera inaonyesha miguu na mchanga. Simu nyingi zina mkasi wa kukatia humohumo kwenye picha. Hifadhi kipande kama nakala mpya, ile ndefu ibaki nyumbani.

Piga kwa 720p kama si lazima zaidi. Na jiulize: je, wanachotaka ni kuona au kusikia? Maneno ya mzee yanaweza kwenda kwa sauti peke yake. Dakika moja ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp haifiki hata MB 1. Kwa uzito wa dakika moja tu ya video, mzee anaweza kuzungumza kwa saa nzima na zaidi. Wazazi wetu walitumiana kaseti za sauti na walielewana vizuri.

6. Walio ndani ya video

Jambo la mwisho ni zito, nalo halina MB. Mwenye simu si mwenye nyuso zilizomo. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya mtu ni mali inayomhusu yeye. Lakini hata pasingekuwa na sheria, heshima inatosha. Mama aliyelia makaburini hakulia ili atazamwe na watu wasiomjua. Mtoto anayeoga hawezi kutoa ruhusa. Na kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018. Vijana, sikizeni hilo vizuri.

Kiko pia cha usalama. Video inayoonyesha sanduku la akiba likifunguliwa na pesa zikihesabiwa imemwambia kila mtu mahali zilipo. Video inayoonyesha mifugo mingi na kilima kinachojulikana imetaja malisho. Ukishaituma kwa mmoja, huna tena mamlaka juu ya wa pili na wa tatu. Kurudisha maji yaliyomwagika mchangani haiwezekani.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kiandike mambo matatu kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mosi, nani anatunza kadi ya kikundi, na nani anatunza nakala ya pili, tena wasikae nyumba moja. Pili, kabla ya kupiga, watu waambiwe video itakwenda wapi, na asiyetaka akae upande wa pili bila kuulizwa sababu. Tatu, hakuna pesa ya akiba inayonunua data mpaka uzito wa video na bei vimesomwa mbele ya wanachama.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni video zipi tulizo nazo ambazo zikipotea leo hatutaweza kuzipata tena? Nakala ya pili ya kila moja iko wapi?

2. Mwezi uliopita tulitumia pesa ngapi kununua data ya kutumiana video sisi kwa sisi, watu tunaoonana kila wiki?

3. Ni mzee gani kati yetu ambaye maneno yake hayajapigwa bado? Nani atakwenda kumwomba ruhusa, na lini?

Swali la tatu msiliache kwa mkutano ujao.